Kompyuta ya 2014: kuitengeneza au kununua nyingine?

Mkuu, umesema ni ya mezani, prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5 kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, inawaka taratibu mno na fundi anataka kubadilisha mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote). Hapo kwenye mazabodi mkatalie kwanza. Mashine inayowaka, hata kwa kusuasua, mara nyingi haidai mazabodi.

Mshukiwa wangu ni diski ngumu. Kama inagonga-gonga ndani, hamisha picha na nyaraka zako leo hii, mengine baadaye. Kisha weka SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 240 hivi, ile ya kiunganishi cha SATA, na uongeze RAM ifike 8. Angalia RAM hiyo iwe ya aina ya DDR3. DDR4 haiingii kwenye tundu hilo, na wauzaji wengine hawakuambii. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Kinachobaki ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa kuandika, kuperuzi na kazi za shule za watoto, Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, inatosha, tena ni bure.

Ila kama unategemea programu ya Windows kwa biashara, usizamishe hela humo. Tafuta mtumba wa ofisini wenye prosesa ya i5-8500 au mpya zaidi, inayokubaliwa na Windows 11. SSD uliyonunua utahama nayo, RAM utaiacha, maana DDR3 haiingii humo.

Fundi amekutajia bei gani?