Marejeleo yanayotutoa jasho: maswali yenu ya mwezi huu

Msimu wa tasnifu umewadia Tabora. Huhitaji kalenda kuujua. Pita tu kwenye steshenari za karibu na stendi uone foleni. Maswali yenu ni mengi, nimeanza na yaliyojirudia.

Shikamoo mwalimu. Msimamizi amenirudishia kazi akisema orodha ya marejeleo imevurugika. Kwenye kompyuta yangu ilikaa vizuri kabisa. Mwaka wa tatu, Tabora mjini.

Marahaba. Bila shaka ulitumia spesi. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kuprinti, kijana wa mbele yangu akatoa flashi, dada wa steshenari akafungua faili. Orodha nzima ilikuwa imetawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kumbe kila mstari wa pili aliusogeza ndani kwa kugonga spesi mara saba. Kompyuta ile haikuwa na fonti yake, ikaweka nyingine, maneno yakahama mistari, na zile spesi saba zikabaki zimeduwaa katikati ya sentensi. Alilipia nakala tatu, zote za kutupa.

Futa spesi zote. Chagua orodha nzima, kisha kwenye Word bonyeza Ctrl pamoja na T. Mstari wa kwanza wa kila rejeleo utabaki ukingoni, inayofuata itaingia ndani yenyewe. Kwa mtindo wa APA, yaani kanuni za uandishi za Chama cha Saikolojia cha Marekani, ni nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Orodha ianze kwenye ukurasa wake: bonyeza Ctrl na Enter, usigonge Enter mara kumi na tano ukiusukuma chini kama mkokoteni. Ukimaliza, hifadhi kwa PDF ndipo uende steshenari.

Niliandika kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Mwalimu ameandika pembeni "chanzo?" Hili si jambo linalojulikana na kila mtu? Kasulu.

Kwamba walikutana Ujiji mwaka 1871, ndiyo, linajulikana, na sidhani kama kuna wa kukudai chanzo. Tarehe ni habari nyingine. Hiyo ya Novemba 10 ni ya Stanley mwenyewe, kwenye kitabu alichokitoa 1872. Shajara ya Livingstone, iliyochapishwa 1874 baada ya kifo chake, inauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili wameshikana mikono chini ya mti mmoja, kalenda zao hazilingani! Sasa mwalimu anataka kujua wewe umemwamini nani. Jambo likiwa na ubishi, au likiwa na tarehe, idadi au kauli ya mtu, weka chanzo.

Halafu niulize jambo: kitabu cha Stanley umekifungua? Kama tarehe uliipata kwenye kitabu cha historia cha sekondari, usijifanye umemsoma Stanley. Andika "Stanley, 1872, kama alivyonukuliwa katika" kisha jina la mwandishi uliyemsoma, mwaka na ukurasa. Kwenye orodha anaingia huyo uliyemsoma peke yake. Wanafunzi huona aibu kufanya hivi, wakidhani wataonekana wavivu. Mimi nikiona chanzo cha karne ya 19 kwenye kazi ya mtu asiyejua hata jalada lake lilivyo, ndipo ninapoanza kukagua vingine vyote.

Nimemhoji mzee mmoja Ujiji kuhusu biashara ya zamani ya ziwani. Naye anaingia kwenye marejeleo? Kigoma.

Inategemea ulimwendea kama nani. Kama mlipiga soga barazani na akakupa jambo moja la maana, APA huliita mawasiliano binafsi: unataja jina lake na tarehe kamili ndani ya matini, basi. Kwenye orodha haingii, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyasoma mazungumzo yenu popote. Lakini kama mzee ni mmoja wa watafitiwa wako, yeye ni sehemu ya data. Mpe namba au jina la kubuni, na ueleze kwenye sura ya mbinu ulimpataje na ulimhoji lini.

Wanaosoma historia wana njia yao: jina, mahali na tarehe ya mahojiano vinawekwa kwenye tanbihi, mwenyewe akiridhia. Muulize kwanza. Wazee niliowahi kuzungumza nao mimi walitaka majina yao yaandikwe, tena pamoja na la baba.

"Massamba et al." au "Massamba na wenzake"? Nzega.

Unaandika kwa Kiswahili, basi "Massamba na wenzake (1999)". Katika toleo la saba la APA, waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya matini unafupisha tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha lakini wote watajwe: Massamba, Kihore na Hokororo. Usiwameze.

Shaaban Robert nimuweke kwenye R au S? Urambo.

Robert ni jina la baba yake, kwa hiyo kanuni ya jina la mwisho inampeleka kwenye R: "Robert, S." Wataalamu wengi wa Kiswahili huandika jina lote, Shaaban Robert, na mimi nawaelewa, maana "Robert" peke yake anaweza kuwa yeyote. Uliza idara yako inataka lipi, kisha usibadilike njiani. Ngũgĩ wa Thiong'o ni tofauti: "wa Thiong'o" ni sawa na kusema mwana wa Thiong'o, naye huorodheshwa kwenye N.

Niliiomba akili mnemba vyanzo kumi kuhusu kilimo cha tumbaku Tabora. Vina majina, miaka, hadi kurasa. Msimamizi anasema vitatu havipo duniani. Nifanye nini? Mwaka wa pili.

Msimamizi yuko sahihi. Zana hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Zinaweza kuchukua jarida la kweli, zikamkabidhi mtafiti wa kweli makala ambayo hajawahi kuiandika. Ndiyo maana marejeleo hayo yanapendeza.

Vile saba vilivyobaki usivihurumie. Weka jina la makala ndani ya alama za nukuu, ulitafute Google Scholar. Kama kuna namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, ifungue uone inakupeleka makala ileile au nyingine kabisa. Kisha linganisha juzuu na kurasa. Kinachopatikana, kisome. Kisichopatikana kitoe, na sentensi iliyokiegemea itoke nacho, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.