Taa iliyozimika juu ya bahari Pangani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumamosi saa 1:40 usiku nilikuwa ufukweni Pangani, nikaona taa nyeupe ikipita kimya kimya kutoka magharibi kwenda baharini. Haikumetameta. Ilipofika juu ya bahari ikafifia mpaka ikapotea, na wingu halikuwepo. Nimeirekodi kwa simu, lakini kwenye video linaonekana duara kubwa linalovimba na kusinyaa. Ni kitu gani, na kilikuwa na kasi gani?

JIBU: Marahaba. Ulichokiona kwa macho yako kina uzito kuliko video, kwa hiyo naanzia hapo. Ndege huwa na taa nyekundu bawa la kushoto, ya kijani bawa la kulia, pamoja na nyeupe zinazomweka. Kimondo nacho huisha ndani ya sekunde chache. Mimi naona ni setilaiti, na kilichonishawishi ni kule kupotea kwake. Setilaiti tunaiona kwa sababu inaakisi jua. Saa ile kwenu jua lilishazama, lakini kilomita 400 juu bado linawaka. Ikielekea mashariki inaingia kwenye kivuli cha Dunia, ikafifia na kuzimika hata kama hakuna wingu. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupita namna hiyo hiyo, na mara nyingi hung'aa kuliko nyota zote.

Duara ni la simu yako. Gizani kamera inahangaika kutafuta fokasi, na nukta ya mwanga isipokaa sawa hutanuka ikawa sahani. Nimeitazama video yako polepole, pale kuti la mnazi lililomulikwa na taa linapoingia pembeni. Duara likivimba, ncha za kuti nazo zinakuwa ukungu. Likisinyaa, zinarudi kuonekana moja moja. Kilichobadilika ni lenzi. Jaribu mwenyewe kwa nyota yoyote angavu, au taa ya ngalawa ya mbali.

Kuhusu kasi, video ya kamera moja haikupi kasi kama hujui umbali, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaka 2015 ndege ya jeshi la majini la Marekani ilirekodi kitu kilichoonekana kama kinachanja mbuga juu ya mawimbi. Video hiyo inajulikana kama "Go Fast". Jopo la NASA, katika ripoti ya Septemba 2023, lilipiga hesabu kwa namba zilizomo kwenye video yenyewe: kitu kilikuwa juu karibu kilomita 4, kikienda kama kilomita 64 kwa saa, kasi ya kawaida ya upepo wa huko juu. Mbio zile zilikuwa za ndege iliyobeba kamera.

Siku nyingine nyoosha mkono, kunja ngumi, uhesabu sekunde ambazo taa inachukua kuivuka. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kikipita utosini huivuka kwa sekunde kama 9. Kisha niletee faili lenyewe kama lilivyo kwenye simu. Hili ulilotuma kwa WhatsApp limebanwa, na saa kamili ya kurekodi imefutika. Nikiipata hiyo saa pamoja na mahali uliposimama, nitalinganisha na ratiba za setilaiti nikutajie jina lake.