Pima kiuno kabla ya kupanda mizani

Mafuta ya mwilini si akiba ya nishati tu. Hutoa homoni zinazofika moyoni, kwenye figo, ini na ubongo, na yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, yana madhara kuliko ya mapajani.

Mojawapo ya homoni hizo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994; huuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Kwa mtu mnene huwa tele, ila ubongo hauisikii tena na njaa haitulii. Lakini mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu na kuamuru figo zibakize chumvi, hiyo huendelea kuitii. Presha inapanda. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, huenda kinyume: mafuta ya tumboni yakiongezeka, yenyewe hupungua. Ndiyo inayosaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza; ikiadimika, mishipa hukakamaa na insulini hufanya kazi kwa shida. Mafuta hayohayo hutoa pia PAI-1, protini inayozuia damu iliyoganda kuyeyuka.

Kwa hiyo anza na utepe wa kupimia. Simama wima, tafuta kingo ya chini ya ubavu wa mwisho na kingo ya juu ya mfupa wa nyonga, upitishe katikati yake, uguse ngozi bila kuibana. Soma ukimaliza kutoa pumzi ya kawaida. Wengi hupima panapokaa mkanda wa suruali, chini ya kitambi, wakapata namba ya kujifariji. Kiuno kibaki chini ya nusu ya kimo: mwenye sentimita 170 asifike 85.

Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha leptini na presha. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki hupunguza mafuta ya tumboni hata mizani isipotikisika, ndiyo maana mizani peke yake huwakatisha watu tamaa bure. Mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya kuchoma. Upasuaji wa kunyonya mafuta nao huondoa yaliyo chini ya ngozi, siyo yenye matata.

Kupima adiponektini maabara ni kupoteza hela: kwa mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, kiwango kikubwa si dalili njema. Pima presha, sukari na lehemu.

Unayetumia dawa za presha, ukipungua uzito ukaanza kupata kizunguzungu unaposimama, huenda dozi imezidi. Mwone daktari aipange upya, usiikate mwenyewe.