Mbawakawa wadogo kwenye mizizi ya yungiyungi: usimwage dawa bwawani

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ulipong'oa yungiyungi katika bwawa lako la perege ulikuta mbawakawa wengi wa hudhurungi, wadogo kuliko punje ya mchele, wakikimbilia topeni, na sasa unatafuta dawa ya kuwaua kwa sababu vifaranga wako wanapungua. Hali hiyohiyo ilinikuta nilipoanza kufuga samaki katika bonde la Kilombero, na nilichukua hatua ambayo hadi leo naijutia.

Kwa maelezo yako, hao ni mbawakawa wachimbaji wa familia ya Noteridae, ambao kwa Afrika wanajumuisha jenasi kama Canthydrus na Hydrocanthus. Ukimlaza mmoja kiganjani utaona mgongo umebinuka na kung'aa, ilhali upande wa tumbo ni bapa. Zamani wataalamu waliwahesabu ndani ya Dytiscidae, yaani mbawakawa wawindaji wa majini, na nadhani hapo ndipo sifa mbaya ya wale wakubwa ilipowaangukia hawa wadogo.

Kilichonishangaza zaidi ni maisha ya lava wao, yaani watoto wao kabla ya kuwa mbawakawa kamili. Tope la chini ya bwawa lenye majani yanayooza huwa halina hewa ya kutosha, lakini mimea kama yungiyungi na mafunjo ina vijia vinavyoshusha hewa kutoka juu hadi mizizini. Lava wa jamii hii huishi katikati ya mizizi hiyo, na katika jamaa zao waliochunguzwa kwa karibu imeonekana kwamba huchoma mzizi kwa ncha ya mkia na kuvuta hewa ya mmea, kisha wanapokuwa pupa, yaani hatua ya kati ya lava na mdudu kamili, hujifunika ndani ya kifuko chenye hewa kilichogandishwa kwenye mzizi uleule. Ndiyo maana huwapati kwa wingi katika kijito kiendacho kasi juu ya mawe. Makao yao ni maji yaliyotulia, yenye mimea iliyoota topeni, kama vile madimbwi yanayobaki Kilombero mafuriko yanapopungua.

Mimi sikuyajua hayo, nikamwaga mafuta ya taa juu ya maji kwa ushauri wa jirani. Kesho yake wadudu wakubwa walielea wamekufa, kwa kuwa wao hupanda juu kuchukua hewa na utando wa mafuta huwazuia. Wiki chache baadaye nilipovuta mzizi wa yungiyungi, wale wadogo walikuwapo vilevile. Perege nao walinuka mafuta ya taa, na wateja wangu wakawakataa. Hasara hiyo sikuirudisha msimu ule.

Baadaye, ili nijue ni nani hasa anayeua vifaranga, nilitumia mabeseni mawili. Katika la kwanza niliweka vifaranga kumi pamoja na mbawakawa wadogo wapatao thelathini, na baada ya siku nne vifaranga wote walikuwa hai. Katika la pili niliweka vifaranga kumi na lava mmoja tu wa mbawakawa mkubwa, yule mrefu mwenye taya mbili zilizopinda kama mundu. Asubuhi nilikuta vifaranga watatu wamenyauka kama walionyonywa. Ndivyo alivyokula hasa, maana taya zake zina mfereji wa kupitishia maji ya kumeng'enya mawindo na kisha kufyonza kilichoyeyuka. Jaribio la mabeseni mawili si utafiti, lakini kwangu lilitosha kunionyesha pa kuelekeza nguvu.

Kwa hiyo acha dawa. Kausha kabisa bwawa la kulelea vifaranga, lijaze siku chache tu kabla ya kuwapandikiza, kwa sababu mbawakawa wakubwa huruka usiku na kuhamia maji mapya, na kadiri maji yanavyokaa bila samaki ndivyo wanavyotaga na kuongezeka. Funga chandarua chenye matundu madogo mahali maji yanapoingilia. Punguza yungiyungi katika bwawa la vifaranga, si kwa ajili ya hao wachimbaji, bali kwa sababu lava wa mbawakawa wakubwa na wale wa kereng'ende hujificha humo. Katika bwawa la samaki wakubwa acha yungiyungi pembeni.

Usiku wa leo pita ukingoni na tochi, chota kwa chandarua, kisha uandike hapa urefu wa wadudu uliowapata na umbo la taya zao.