Nahau za Kiingereza: Mjue Kwanza Anayezisema

Msomaji mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba amepata kazi ya ukarani katika ghala la korosho hapa Mtwara, na ananiomba orodha ya nahau za Kiingereza azikariri kabla ya minada kuanza. Orodha sitamtumia, na sababu nitazieleza hapa, kwa kuwa nilipoanza kazi hakukuwa na mtu wa kunieleza.

Shuleni tulikaririshwa "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, lakini katika miaka yote niliyofanya kazi na wageni sijamsikia hata mmoja akiitamka. Wanayoyasema ni mengine: "call it a day", yaani tufunge kazi kwa leo, au "ballpark figure", yaani makadirio tu, msemo uliotoka kwenye besiboli ya Wamarekani. Mtu akikuomba hiyo, mpe makisio upesi. Usimkalishe saa nzima ukijumlisha magunia.

Korosho ghafi yetu nyingi huenda India na Vietnam, kwa hiyo Kiingereza utakachokisoma zaidi ghalani si cha London. Mnunuzi wa India atakuandikia "kindly do the needful", akimaanisha ufanye lolote linalohitajika, au atakuomba "prepone" kikao, yaani kifanyike mapema kuliko ilivyopangwa. Wapo wanaoyacheka maneno haya, nami nawaona washamba, kwa sababu "do the needful" ilikuwa lugha ya ofisi za Waingereza wenyewe enzi za ukoloni.

Mwezi uliopita nilikaa kikaoni na Mwingereza na Mmarekani, hoja ikiwa ni nani alipe gharama za makontena yaliyocheleweshwa. Mmarekani akasema, "Let's table it." Mwingereza akafungua jalada lake na kuanza kusoma tarakimu, huku mwenzake akizidi kuiva uso. Kwa Mmarekani, kauli hiyo ni kuiweka hoja kando. Kwa Mwingereza, ni kuileta mezani ijadiliwe. Niliuliza mbele ya wote kama tunaijadili sasa au tunaiahirisha, na kikao kikatulia. Bosi mmoja aliyewahi kuniambia mbele ya vibarua kwamba Kiingereza changu ni cha vitabuni alikuwapo, akajifanya anatafuta kalamu. Sijalisahau neno lake, wala sioni sababu ya kulisahau.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotafuta riziki kwa lugha hii, acheni kukariri kama kasuku. Ukisikia msemo mpya, andika nani kausema, anatoka wapi, alikuwa akimwambia nani na kuhusu jambo gani. Usipoelewa, uliza palepale, kwa adabu lakini bila kunong'ona. Wala usiwe na pupa ya kuutumia wewe mwenyewe, maana kijana anayemwambia mteja mkubwa "no worries", yaani usijali, siku ya kwanza anaweza kuonekana hana heshima hata kama hakukosea maana.

Wewe wa Nachingwea, anza na "quite good". Mmarekani akiisema juu ya sampuli yako, ameipenda sana. Mwingereza akiisema, mara nyingi anamaanisha ni ya wastani, na hapo jiandae, kwani bei atakayoitaja itakuwa ya chini.