Nyie mnaoanza kuhubiri dhambi, kaeni hapa kidogo

Juzi nilikaa kiti cha nyuma kabisa nikisikiliza wanafunzi wetu watano wakifanya mahubiri ya majaribio. Mada ilikuwa dhambi. Kufikia wa tatu nilikuwa nimeacha kuandika alama, nachorachora tu pembezoni mwa karatasi. Ulevi, uzinzi, mavazi. Kisha tena ulevi, uzinzi, mavazi. Dhambi zote zilikuwa za watu ambao hawakuwemo ukumbini. Nawapenda, ndiyo maana nakereka. Na nilikereka zaidi kwa kuwa kila sentensi nilishawahi kuisema mimi.

1. Msianzie Mwanzo 3. Mtu anaanza sura ya 1, kwa sura na mfano wa Mungu, na hata baada ya anguko na gharika heshima hiyo bado anayo: someni Mwanzo 9:6, kisha Yakobo 3:9. Ukimfanya takataka tangu mwanzo, hutaweza kueleza kwa nini kuharibika kwake ni msiba.

2. Pelagio, yule mwalimu wa karne ya tano aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu za hiari yake mwenyewe. Kwenye mtihani mnamgaragaza: mnataja mabaraza ya kanisa yaliyokataa mafundisho ya namna hiyo, Karthago 418 na Orange 529, mnamshangilia Agostino, mpinzani wake. Jumapili ikifika mnapanda mimbarani mnapiga kelele, "Amua leo! Ukitaka unaweza!" Huyo ni Pelagio, na safari hii mmempa kipaza sauti. Yule wa Warumi 7, anayelitaka jema na kujikuta akitenda baya, mmemwacha mlangoni. Najua wafafanuzi wanagombana kuhusu "mimi" wa sura hiyo ni nani. Awe nani, shida yake si kukosa motisha.

3. Hamartia, neno la Kigiriki la dhambi, ni "kukosa shabaha". Sawa, tumesikia, wote watano mmetuambia. Hata Kiebrania kinaliunga mkono: kitenzi cha dhambi ndicho kilichotumika Waamuzi 20:16 kwa wale warusha mawe wa Benyamini ambao hawakukosa hata unywele. Lakini msiishie hapo, maana msikilizaji atadhani dhambi ni bahati mbaya ya mkono. Agostino anasimulia jinsi alivyoiba mapeari ujanani na wenzake. Njaa hakuwa nayo, na nyumbani yalikuwepo mazuri zaidi. Mengi waliyatupia nguruwe. Huyo hakukosa shabaha. Alilenga, akapata, na kilichomtisha baadaye ni kwamba alifurahi.

4. "Sote ni wenye dhambi." Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye huduma, bado nanukia chuo. Akaja mama mmoja ofisini, siku ya kazi, mchana. Mikono ya gauni lake ilikuwa mirefu na kila mara alikuwa akiivuta ifike viganjani. Alizungumza kwa kuzunguka mbali: usingizi, watoto, ada, mwishowe mume. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyenikaribisha vizuri kuliko wote. Alikuwa akimpiga, na haikuwa mara moja.

Mimi nikafungua Biblia. Bado naiona kalamu yangu ikipita chini ya Warumi 3:23, naona hata kile kiburi kidogo cha kuupata mstari bila kutafuta. Nikamwambia, "Mama, sote tumetenda dhambi. Wewe, mimi, na yeye. Tuanze kwa kujichunguza wenyewe." Nikaona nimesema jambo la kina, hamartiolojia (fundisho la dhambi) safi, hakuna wa kunitoa kosa.

Alinyamaza. Akaikunja leso yake mara mbili, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo, mchungaji, na mimi nilimpiga?"

Nilicheka. Kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi macho. Nikaomba, sala ndefu, akasema amina na kuondoka. Alikuja ibadani Jumapili mbili zaidi, akakaa karibu na mlango. Baada ya hapo sikumwona tena. Mumewe niliendelea kushikana naye mkono kila juma, karibu mwaka mzima, kwa sababu sote ni wenye dhambi.

Nilipomsimulia mchungaji mzee aliyekuwa akinilea, hakunifokea. Aliniuliza tu: nabii Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi aliyechukua mke wa mtu, 2 Samweli 12, aliongea na nani? Katika ule mfano kuna tajiri aliyechukua mwanakondoo wa maskini. Nathani hakumfuata maskini kumkumbusha kwamba naye ana mapungufu. Alikwenda kwa mwenye kuchukua. Fundisho kwamba sote tumeanguka ni la kweli, nalihubiri mpaka leo, lakini halisemi kwamba aliyepiga na aliyepigwa wana hesabu moja ofisini mwako. Nilichukua ukweli unaowahusu wote nikaufanya shuka la kumfunika mmoja.

Mmoja wenu aliniuliza kama nilimwomba radhi yule mama. Nilimtafuta, kwa kuchelewa. Walikuwa wamehama, na ndugu zake hawakutaka kunipa njia ya kumpata. Sikuwalaumu.

5. Zaburi 51:5, Daudi anaposema mama yake alimchukua mimba hatiani, haisemi kwamba tendo la ndoa ni dhambi. Acheni.

6. Mkifika Warumi 5:12 kumbukeni Waorthodoksi: kwao tulichorithi kwa Adamu ni mauti, wala si hatia yake. Msiwaite wazushi kabla ya kuangalia Kigiriki.

7. Mtu mwenye uraibu au majeraha ya malezi mpelekeni kwa mtaalamu, kisha endeleeni kuwa mchungaji wake. Wanafunzi wa Yesu waliouliza "nani alitenda dhambi" kuhusu yule kipofu wa Yohana 9 walisahihishwa papo hapo.

8. Muda ni dakika ishirini. Wa nne alikwenda arobaini na tano, na katika hizo zote hakuwahi kusema "sisi".