Kabla Hujasimama Kuomba Dhamana

Wewe uliyeanza uwakili juzi, maombi ya dhamana yatakufikia mapema, na usiyachukulie mepesi kama nilivyofanya mimi. Nilisimama nikaeleza kwa hamasa kwamba mteja wangu hana hatia. Hakimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: anaishi na nani, na anafanya kazi gani? Sikuwa na jibu. Mteja akarudishwa rumande.

Kama alitenda kosa au la, hilo lina siku yake. Siku ya dhamana hakimu anapima mengine: akiachiwa atarudi? Atawatisha mashahidi au kuharibu ushahidi? Kuna atakayedhurika? Uzito wa shtaka huangaliwa kwa kuwa anayeogopa kifungo kirefu hushawishika zaidi kutoroka.

Basi shuka mahabusu asubuhi na mapema. Uliza habari za familia, kazi, makazi, maradhi, na kama aliwahi kupewa dhamana akahudhuria. Mtafute mdhamini, aje na nyaraka zake, aketi mahali hakimu atamwona.

Sheria zinatofautiana, ila msingi unaujua: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 9, unakataza kuifanya iwe kanuni ya jumla kuwaweka watu kizuizini kabla ya hukumu. Upande wa mashtaka ukipinga, dai ushahidi. Hofu tupu ya mpelelezi haitoshi.

Linaloniuma zaidi ni kiasi cha fedha. Mtu anapewa dhamana, familia inafurahi, kisha anakaa ndani miezi kwa kukosa pesa, na kazi inapotea. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1951, katika kesi ya Stack v. Boyle, kwamba kiasi kinachozidi kile kinachohitajika ili mshtakiwa arudi ni kikubwa mno. Jimbo la Illinois liliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Kwa hiyo taja kipato cha mteja kwa tarakimu kabla kiasi hakijatamkwa, na upendekeze mbadala: kuripoti polisi, kukabidhi pasi ya kusafiria, wadhamini wasioweka fedha taslimu.

Ukikataliwa, omba sababu ziandikwe. Ndizo utakazozipeleka mahakama ya ngazi ya juu. Ukikubaliwa, usiondoke. Msomee mteja kila sharti kwa lugha anayoielewa, na tarehe ya kurudi mwandikie kwenye karatasi, nakala nyingine mpe mdhamini.